Kioo cha Mbele Kipakwe Dawa, au Kiachiwe Waipa?

Masika yakikaribia, maduka ya vipuri hupanga upya rafu zake. Vining'inizo vya harufu vinasogezwa nyuma na mbele zinakuja chupa za dawa ya kioo: Rain-X ya Marekani, Glaco ya Japani, na nyingine ambazo lebo yake ni picha ya gari jekundu linalopasua mvua. Zote zinauza ahadi moja, kwamba maji hayatakaa kwenye kioo. Wapo madereva wanaoapa kwa dawa hizi, na wapo waliozipaka kisha wakatafuta sabuni ya kuzitoa.

Swali la mjadala huu ni la mtu aliyesimama dukani na hela mkononi: anunue ipi, aipake wapi, au aachane nayo arudi nyumbani na waipa mpya? Wanaojibu ni wanne. Si watu fulani. Ni sauti utakazozisikia ukikaa kidogo Msamvu, Morogoro, pale magari yanayotoka Dar es Salaam yanapoachana, haya yakienda Dodoma, yale yakishika njia ya Iringa. Yupo dereva wa basi la mikoani, mtu mzima. Yupo dada mwenye duka la vipuri. Yupo fundi wa vioo, na mwalimu wa kemia wa sekondari ambaye gari lake ni Vitz. Mimi nitaingilia nitakaposhindwa kunyamaza.

DEREVA: Naanza kwa kukataa. Dawa hii niliikuta kwenye basi nililokabidhiwa. Mchana, barabara ikiwa wazi, sina neno nayo: maji yanakimbilia pembeni na waipa unaipumzisha. Lakini ngoja usiku uingie, uko kwenye foleni, mvua ni ya rasharasha, na anayekuja mbele anakupiga fulu. Kioo kizima kinawaka. Kila tone lina taa yake. Mwenda kwa miguu unamwona akiwa ameshafika kwenye bampa.

MUUZA DUKA: Shikamoo, mzee.

DEREVA: Marahaba.

MUUZA DUKA: Gari hukulipaka wewe. Hujui lilipakwa dawa gani, lini, wala aliyepaka alisafisha kioo kwanza au alipaka juu ya vumbi. Sasa hapo unaihukumu dawa ipi? Rain-X iko sokoni tangu 1972, alianza nayo Mmarekani Howard Ohlhausen na kampuni yake ya Unelko. Kitu kibovu hakikai sokoni miaka yote hiyo.

FUNDI: Vitu vibovu vinakaa sokoni sana tu, dada.

MWALIMU: Mnazungumzia maji yaleyale kwenye mwendo tofauti. Kioo kwa asili kinapenda maji. Uso wake una vikundi vya oksijeni na hidrojeni ambavyo molekuli za maji zinajishikiza hapo, ndiyo maana kwenye kioo safi kabisa maji yanatambaa na kuwa utando mwembamba. Dawa inavifunika vikundi hivyo kwa kitu kisichopenda maji. Maji yakikosa pa kujishikiza, yanajikunja yanakuwa tone. Tunapima pembe ya ukingo wa tone pale linapogusa kioo. Kwenye kioo safi pembe ni ndogo sana. Kwenye kioo kilichopakwa vizuri inavuka nyuzi 100, labda ifike 110.

DEREVA: Na hizo nyuzi zinanisaidia nini mimi?

MWALIMU: Zinakwambia usitegemee muujiza. Jani la magimbi linavuka nyuzi 150. Ukimwagia maji linabaki kavu, tone linabingirika hata ukilipulizia. Mwaka 1997 Wajerumani wawili, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walieleza sababu: majani ya namna hiyo yana vinundu vidogo mno vyenye nta juu yake, na tone linakaa juu ya ncha tu. Kioo cha gari ukikiwekea vinundu vya aina hiyo, waipa itavisaga mapema. Kwa hiyo kioo kinabaki laini, tone linajikunja lakini bado limeshika. Haliondoki lenyewe. Linasubiri kusukumwa.

DEREVA: Linasubiri upepo.

MWALIMU: Ndiyo. Kuanzia kama kilomita 60 kwa saa hivi, upepo unaanza kuyashinda matone makubwa. Matone madogo ya rasharasha ni mabishi zaidi, upepo hauna pa kuyashika.

Hapa naingilia, kwa sababu hoja hii inafika kwenye lebo za chupa ikiwa imekatwa mkia. Mwendo halali katika maeneo ya makazi Tanzania ni kilomita 50 kwa saa, na mabasi na malori mazito yamewekewa ukomo wa 80. Kwa dereva wa basi anayefuata sheria, dawa ya kioo cha mbele inafanya kazi yake katika kipande kimoja tu cha safari, kati ya 60 na 80, nje ya miji. Kwa gari ambalo maisha yake yote ni Mbagala hadi Posta, ndani ya Dar es Salaam, kipande hicho hakipo. Matone yatajikunja vizuri, yatasimama palepale, na waipa itaendelea kuyafuta kama kawaida. Mwenye gari hilo amenunua urembo.

FUNDI: Ongeza na hili. Kioo cha gari dogo kimelala, upepo unapanda nacho hadi juu ya paa na unabeba maji. Kioo cha basi kimesimama wima. Upepo unakigonga katikati, unatawanyika pembeni. Ndiyo maana mzee anasema maji yanakimbilia pembeni. Yale ya katikati, mbele ya macho yake, ndiyo yanayochelewa kuondoka. Mtu mwenye Harrier akikusifia dawa, usidhani basi litafanya vilevile.

DEREVA: Hilo sijawahi kuambiwa na anayeuza.

MUUZA DUKA: Mimi nauza chupa, mzee, siuzi basi. Lakini mbona ndege zinatumia? Rubani hana mchezo na kioo chake.

MWALIMU: Zinatumia kweli. Ndege nyingi za Boeing zilikuwa na mtambo wa kunyunyizia dawa ya aina hiyo kwenye kioo zikiwa angani. Ndani ya dawa ile mlikuwa na kemikali ya jamii ya CFC, zile zinazoharibu tabaka la ozoni, na baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987 ikalazimika kuachwa. Siku hizi kioo chenyewe kinawekewa utando unaokataa maji. Lakini ndege inatua ikiwa na mwendo unaozidi kilomita 200 kwa saa. Ukipata upepo huo barabara ya Iringa, kioo hakitakuwa shida yako kubwa.

MUUZA DUKA: Na vipimo vya wasomi? Nilisoma kwamba Chuo Kikuu cha Michigan waliwapima madereva mwaka 1997, wenye kioo kilichopakwa na wenye kioo kitupu, kwenye mvua. Waliopakiwa dawa waliona vitu vidogo vizuri zaidi na kwa haraka zaidi.

MWALIMU: Utafiti huo upo, na matokeo yake yalikuwa hivyo. Sibishani nao. Ila kioo chao kilikuwa kimeandaliwa na watafiti. Kilichopo barabarani kwetu ni kioo kilichoandaliwa na nani?

Swali hilo ndilo lingepaswa kuandikwa kwenye lebo, na fundi, ambaye alikuwa akiangalia simu, aliiweka chini.

FUNDI: Nakwambia ninachokiona. Gari linaletwa kuoshwa. Kijana ana tambara moja. Ameanza na rimu, amepaka matairi dawa ya kung'arisha, ambayo ni mafuta ya silikoni, halafu kwa tambara lilelile anamalizia kioo cha mbele. Mwenye gari anaona kinang'aa, anatoa na bakshishi. Kesho anakuja dukani kwa dada, ananunua dawa ya kioo, anapaka juu ya mafuta ya matairi. Dawa itashika nini? Imeshika mafuta. Mvua ya kwanza, waipa inavuta mchanganyiko wote huo, kioo kinakuwa na ukungu wa rangi rangi. Anasema dawa ni feki.

DEREVA: Basi unafanyaje wewe?

FUNDI: Naosha kwa sabuni ya vyombo, nasuuza sana. Halafu napitisha ncha za vidole kwenye kioo kikiwa kimelowa. Kikiwa laini, sawa. Kikikwaruza, kuna kitu kimejibandika: lami, utomvu wa mti, moshi wa dizeli, au yale madoa meupe ya maji ya kisima yenye chumvi. Madoa hayo sabuni haiyatoi. Natumia poda ya kung'arishia vioo, ile ya seriamu, na pedi laini, taratibu, nikilowesha muda wote. Nikimaliza namwaga maji safi na kutazama. Maji yakishuka kama shuka moja, bila kukatika, kioo ni kitupu. Yakikatika sehemu moja, sehemu hiyo bado ina mafuta, narudia. Halafu nakausha, nafuta kwa spiriti, ndipo nafungua dawa. Na gari liwe kivulini. Kwenye jua dawa inakauka kabla hujaisambaza, inaacha michirizi ya ukungu ambayo mchana huioni. Utaiona usiku, taa zikikupiga.

MWALIMU: Sababu ni ileile niliyosema. Dawa nzuri haikai juu ya kioo tu, inafunga muungano na vikundi vile vya oksijeni. Ikikuta mafuta katikati, hakuna muungano.

FUNDI: Na waipa. Mtu anapaka dawa mpya, anaacha waipa ya zamani. Mpira umekaushwa na jua, umekuwa mgumu, una mchanga ndani. Kioo kikiwa hakina utando wa maji wa kuulainisha, mpira unanata, unaruka, unanata, unaruka. Ndiyo ile sauti ya kwikwi. Wanaolalamika kuhusu kelele, wengi nikigusa mpira wa waipa napata jibu.

MUUZA DUKA: Sasa fundi umenisaidia kuuza vitu vitatu badala ya kimoja. Haya, aina. Kuna za silikoni, kama ile Rain-X ya kawaida. Ni nafuu, unapaka mwenyewe, lakini gari linalotembea kila siku litataka kupakwa tena baada ya wiki kadhaa. Kuna za florini. Aquapel, iliyobuniwa na kampuni ya PPG ya Marekani, ni ya aina hiyo: inakuja kwenye kifaa cha kutumia mara moja, ndani kuna kichupa kilichozibwa. Unaminya, kichupa kinavunjika, sponji inalowa, unapaka hapohapo na kutupa. Huwezi kuweka nusu kwa ajili ya mwezi ujao. Hizi bei iko juu, lakini hukaa kwa miezi. Na kuna zile za kumimina kwenye tangi la maji ya waipa.

FUNDI: Hizo za kumimina kwenye tangi mimi sizipendi. Zinapaka na kufuta kwa wakati mmoja, kwenye kioo kichafu, mbele ya macho yako, unaendesha.

Hapo fundi amesema maneno yangu. Dawa ya tangi ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo ningeiacha ya kwanza. Ya silikoni ni nzuri kwa anayejaribu: ikikukera, inaisha yenyewe, au unaitoa kwa poda ya fundi. Ya florini ni ya mtu mwenye uhakika na kioo chake, kwa sababu akikosea, kosa nalo litadumu.

MWALIMU: Kudumu huko kuna bei nyingine. Muungano wa kaboni na florini ni mgumu mno kuvunjika, ndio unaofanya Teflon, aliyoigundua Roy Plunkett 1938, isishike chakula. Kemikali nyingi za jamii hiyo zinaingia kwenye maji na udongo na haziozi. Mwanzoni mwa 2023 nchi tano za Ulaya, zikiwemo Ujerumani na Uholanzi, zilipendekeza jamii nzima iwekewe vizuizi. Siyo dawa za vioo peke yake, lakini nazo zimo humo.

MUUZA DUKA: Mteja hajawahi kuniuliza hilo hata siku moja.

MWALIMU: Najua.

DEREVA: Ngoja niwaulize nyie wasomi. Sisi zamani waipa ikikufia njiani, mvua inanyesha, mnakata kiazi mbichi katikati mnasugua kioo. Kama hakuna kiazi, unapasua sigara, tumbaku yake unaisugua. Na unafika. Ile nayo ilikuwa kemia?

MWALIMU: Tena kemia ya upande wa pili kabisa! Wanga wa kiazi haufukuzi maji, unayaita. Maji yanasambaa, yanakuwa utando sawasawa, na kupitia utando mwembamba ulio sawa unaona. Haidumu, mvua inauosha, lakini kwa kilomita chache inasaidia. Na wazo lenyewe ni la heshima. Mwaka huohuo wa 1997 Wajapani, akiwemo Akira Fujishima, waliandika katika jarida la Nature kwamba kioo chenye utando wa oksidi ya titani kikipigwa na mwanga wa ultravayoleti kinayapenda maji kiasi kwamba tone halisimami. Kampuni ya Pilkington ya Uingereza ikaanza kuuza madirisha ya nyumba ya aina hiyo 2001.

FUNDI: Hata saiti mira za namna hiyo zipo. Maji hayawi matone, yanatanda.

MWALIMU: Na mahali pake ni hapo hasa. Saiti mira imejificha nyuma ya ganda lake, upepo haufiki vizuri. Ukipaka dawa ya kukataa maji, matone yanajikunja na kukaa.

DEREVA: Kumbe kiazi kilikuwa mbele ya wakati.

Nikiri furaha yangu hapa: madereva wa enzi za mabasi ya Leyland hawakuwa wakibahatisha. Kioo kinaonekana vizuri kwa njia mbili, maji yaondoke yote au yatande yote. Kinachomtesa dereva usiku ni ile hali ya katikati, matone yaliyojikunja na kusimama, kila moja likipinda mwanga wa taa na kuurusha machoni. Dawa ikiwa mpya na gari liko mwendoni, unapata hali ya kwanza. Dawa ikichakaa, na hasa ikichakaa mahali waipa inapopita huku kona zikibaki nayo, unaingia kwenye hali ya katikati na hakuna anayekugongea kioo kukwambia.

MUUZA DUKA: Basi niambieni nimuuzie nani.

FUNDI: Anayesafiri. Mwenye gari dogo anayekwenda Dodoma au Arusha mara kwa mara, kioo kimelala, anapiga 90 nje ya mji. Huyo apake mbele, kioo kikiandaliwa. Kioo cha nyuma cha hatchibeki kisicho na waipa nacho kipakwe, na vya milango. Vya milango vimesimama, tone kubwa linashuka lenyewe, na hakuna waipa ya kulia.

MWALIMU: Vya milango nje tu. Ndani, hapana. Ukipaka ndani, mvuke wa pumzi unakuwa vitone vidogo na ukungu unazidi. Ndani panataka kioo safi na AC.

FUNDI: Na mwenye gari la kamera asikimbilie chupa. Haya ya Japani yanayoingia siku hizi yana kamera juu ya kioo. Subaru yenye EyeSight, kitabu chake kinakataza dawa za kupaka kioo cha mbele, zinaweza kuichanganya kamera. Zenye waipa ya kujiwasha nazo, kihisio kinatuma mwanga ndani ya kioo na kupima unaorudi. Maji yakikaa tofauti na kilivyozoea, waipa inaweza kuwaka ovyo. Kitabu kisomwe kwanza.

DEREVA: Vitabu vyenyewe ni vya Kijapani.

FUNDI: Ndiyo uulize kabla hujapaka.

DEREVA: Na mimi?

FUNDI: Wewe, mzee, kioo cha basi nikisugue, nitoe hiyo dawa ya zamani iliyobaki viraka, nifunge waipa mpya mbili, na tangi liwe na maji yenye sabuni kidogo. Usipake kitu. Ukitaka kujaribu, jaribu kwenye kioo cha mlango wako, upande wa saiti mira, uone kama inakusaidia kuangalia nyuma.

MUUZA DUKA: Ananikosesha biashara huyu.

FUNDI: Waipa mbili za basi ni biashara.

Pembeni alikuwa amesimama kijana wa bodaboda, helmeti mkononi, akisubiri zamu yake kaunta.

KIJANA: Samahani, dada. Na hii? Kwenye helmeti mvua inanimaliza. Naweza kupaka hiyo ya kioo?

MUUZA DUKA: Unaweza...

MWALIMU: Asipake. Hicho si kioo, mdogo wangu, ni plastiki, polikaboneti. Haina vile vikundi vya oksijeni na hidrojeni vya kushikana na dawa, na vimiminika vinavyobeba dawa nyingine vinaweza kuipasua nyufa ndogondogo. Ukishazipata hazitoki. Kuna zilizotengenezwa kwa plastiki, lazima lebo iseme hivyo.

KIJANA: Dada unazo?

MUUZA DUKA: Za plastiki sina. Lete nione hicho kioo chako. Mh! Hiki kimekwaruzika chote, hata jua likiwaka huoni. Umekuwa ukikifuta na nini?

KIJANA: Mkono wa jaketi.

MUUZA DUKA: Dawa haina la kukufanyia hapa. Nunua kioo kipya cha helmeti, duka la tatu kulia, mwambie umetoka kwangu. Na ukioshe kwa maji na sabuni, usikisugue kikiwa kikavu. Mzee, waipa zako ni za urefu gani?